Bilauri Zilizoinama

Inspekta Jemima Kavuo aliinua bilauri ya kwanza, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Mathe, mume wa Emérence, alikuwa amechapwa juu yake akiwa na suti ya harusi, kasimama wima, kapendeza, hana neno. Inspekta akaiweka, akainua ya pili. Alikuwa Mathe yuleyule na suti ileile, lakini sasa kidevu kilikuwa kimerefuka kama cha beberu, na jicho moja lilikuwa limeteremka hadi karibu na tai. Emérence, aliyesimama kando yake pichani, alikuwa amepata paji la uso ambalo ungeweza kuanikia maharage.

"Bwana yangu hataki tena kuingia humu," alisema Emérence. "Anasema hata siku atakufa, tusimuchape tena."

Asicheke mtu. Karakana ile ya Bulengera ilikuwa inalisha nyumba nzima, na kila harusi ya maana mjini Butembo ilitaka bilauri za Emérence zenye sura za maarusi, ili wageni waende nazo nyumbani. Ubaya ni kwamba rangi zake zilikaushwa juani tu, na jua la Butembo linatoka siku linapojisikia. Rangi isiyochomwa haikai kwenye kioo. Inspekta alilijua hilo kwa uchungu, maana kwenye harusi ya binti yake mwenyewe bwana harusi alitoka na maji ya kuoshea vyombo kabla wageni hawajaaga, na mama mkwe akaangua kilio akidhani ni ishara.

Dawa yake ni tanuru, au furu, kama tunavyoita kwetu. Kioo kinapashwa moto taratibu mpaka rangi iume ndani ya ngozi yake, halafu kinaachwa kipoe polepole, maana ukikiharakisha kinapasuka. Na furu zilizokuwa zinauzwa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya Salomon, palepale Butembo, ya matofali, iliyojengwa kwa ajili ya vigae vya nyumba, inayokula kuni na kupiga moto kutoka pembeni. Kuni hazikosekani, na furu iko karibu. Ya pili ilikuwa Beni kwa papa Issaka, msafirishaji wa mizigo, ambaye aliinunua Kampala kwa mzungu aliyekuwa anafunga kazi. Hiyo ilikuwa sanduku la chuma linalokula umeme, moto wake unashuka kutoka kwenye kifuniko, na ina kitundu cha kutolea moshi wa rangi. Ilionekana nzuri, lakini umeme wetu unajulikana tabia yake, na kulipandisha dude lile hadi Butembo kwa barabara yetu ni kazi ya wanaume na maombi.

Emérence hakuwa mtu wa kuchagua kwa maneno ya muuzaji. Kila mmoja alimpa katoni ya bilauri za aina moja, zenye rangi moja na picha moja, akawaambia wamchomee aone. Kwa Salomon zilirudi zimenyooka. Kwa papa Issaka zilirudi kama alivyoona Inspekta.

Hapo mtu angesema, basi, si uchukue ya Salomon, polisi wa nini? Hata mkubwa wa Inspekta alisema hivyo asubuhi ile, akacheka mpaka akakohoa, kisha akampa siku moja tu. Lakini papa Issaka alikuwa amekataa kabisa kwamba furu yake ni mbovu. Alisema kuna mkono umeiharibu, na mkono huo alikuwa ameshauona. Ni wa Yasmine, mke wa mwanawe, bibi harusi wa juzi tu, ambaye alibaki nyumbani siku zile wakati mama mkwe alikuwa Oicha kumuuguza dada yake, na mume yuko Kasindi na lori. Mzee alikuwa ameapa mbele ya majirani kwamba mkono ulioharibu bilauri zile hautakunywa tena chai chini ya paa lake. Baba wa Yasmine alikuwa njiani kutoka Kirumba, na leo baada ya sala ya alasiri angemchukua binti yake.

Emérence alikuwa amechapa bilauri za harusi ya Yasmine. Moja ilibaki rafuni, na sura ya msichana ilikuwa bado ipo kwa sababu hakuna aliyewahi kuiosha. "Furu ikiwa mubaya, huyu mutoto hana kosa," alisema. "Ikiwa muzuri, kuna mutu aliiharibu. Mimi nichague nini? Nikichagua, nimehukumu."

Inspekta alizivuta bilauri karibu. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye desturi ya kuuliza swali mara moja kisha kunyamaza, na ni kimya chake kilichofunga watu Butembo kuliko pingu. Alipitisha kidole kwenye midomo ya bilauri zilizoinama. Kote kuzunguka mdomo kulikuwa na unga mweupe, mwingine umeingia ndani ya kioo hautoki hata kwa ukucha. Akageuza zile zilizonyooka. Midomo yake ilikuwa safi, ila chini, kwenye kitako, kulikuwa na unga uleule, kidogo, kama mtu aliyekalia chokaa. Aliuliza kama unga ule ulitoka hapo karakanani. Emérence akasema hajawahi kuutumia, wala hajui ni wa nini. Inspekta akachukua bilauri moja ya kila aina, akazifunga katika kitenge, akaaga.

Salomon alimpokea kwa maneno mengi. Kwanza alisifu udongo wa furu yake, kisha kuni zake, kisha marehemu baba yake aliyeijenga, na alipofika kwa babu Inspekta alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mlango wa furu na kuingiza mkono ndani. Mkono ulitoka mweusi mpaka kwenye saa. Aliuliza ilikuwaje suti ya Mathe ikatoka humo bila doa. Salomon akacheka, akasema huo ndio utaalamu wenyewe. Aliuliza anaweka nini chini ya bilauri ili zisigande. Salomon akasema hawekagi kitu, anaziweka tu na zinakaa. Kigae kilichokuwa kando kilikuwa na kitako cheusi kama sufuria ya matanga.

Inspekta akafungua kitenge, akamwonyesha kile kitako cheupe. Salomon alikitazama, akasema huo ni unga wa jikoni kwa Emérence, wanawake wale wanapika na kuchapa mahali pamoja. Inspekta akalamba kidole. Haukuwa unga wa muhogo, wala wa mahindi. Ulikuwa udongo.

"Basi unichomee bilauri moja, nione," alisema.

Salomon akasema leo haiwezekani, kuni ni mbichi. Halafu akasema upepo ni mbaya. Halafu akasema furu kama hii huchokaga, inahitaji kupumzishwa, na jasho likaanza kumtoka katika baridi ile ya Butembo ambayo watu wote walikuwa wamevaa koti. Inspekta akamuuliza anamjua nani Beni. Akajibu haraka kwamba Beni hana mtu, hajawahi kuwa na mtu, hata joto la kule halimfai.

Sasa, kwetu mtu akisafiri hatoki mikono mitupu, na mtu wa nyumbani akisikia neno Beni hawezi kujizuia. Masika, mke wa Salomon, alikuwa analeta maji ya kunawa. Alipomwagia Inspekta mkononi, aliuliza kwa heshima zote kama kweli anaenda Beni leo, na kama hatachoka kumpelekea kaka yake viazi kidogo. Kaka yake anaitwa Apollinaire, si vigumu kumpata, ndiye anayewasha ile furu ya papa Issaka.

Salomon aliangalia chini. Inspekta akasema wasingya, yaani asante, akapokea viazi, wala hakumuuliza tena kitu. Njia nzima alikuwa na hakika kwamba kesi imeisha: Salomon amemtumia shemeji yake kuharibu bilauri za mwenzake, basi. Ilikuwa hesabu nzuri, ila ilikuwa na shimo moja. Haikueleza kwa nini bilauri nzuri za Salomon zilikaa kwenye unga mweupe.

Inspekta alichukia pikipiki tangu ujana wake, na alipanda akiwa amefumba macho, viazi vikiwa katikati yake na dereva kama mtoto wa tatu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitaka kuona mzigo. Alifungua kitenge, akakutana na Mathe mwenye kidevu cha beberu, akawaita wenzake. Walicheka wote, mmoja akaapa kwamba huyo ni mjomba wake kabisa, na wakafungua njia bila kuuliza kitambulisho cha mtu.

Beni kulikuwa na joto la kumfanya mtu avue koti na adabu. Mbele ya nyumba ya papa Issaka, kando ya mlango, lilisimama sanduku jipya jekundu la bibi harusi, limefungwa kamba. Inspekta alilitazama, na alihuzunika kuliko alivyotarajia. Sanduku la namna ile hupandishwa kwenye gari kwa vigelegele, na hili lilikuwa linangoja kuondolewa kimyakimya.

Papa Issaka alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, kanzu imepigwa pasi, sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha madereva. Alimketisha Inspekta sebuleni, akaagiza chai. Yasmine aliileta. Bilauri zilikuwa zimefudikizwa, midomo chini, juu ya sinia, zimefunikwa kitambaa cheupe, kama nyumba ya watu wenye adabu. Alimimina, akarudi nyuma, macho chini, lakini mgongo wake haukuinama. Mzee hakumtazama. Alimweleza Inspekta kwamba nyumba bila utaratibu ni soko, kwamba yeye hana chuki na mtoto wa mtu, lakini ameapa, na mtu mzima hali kiapo chake. Inspekta alimaliza chai, akaweka bilauri mezani. Mzee, bila kukatisha hotuba, akainyakua, akamwaga tone lililobaki, akaifudikiza juu ya sinia, akaendelea na habari za madereva wake.

Inspekta aliomba kuongea na Yasmine peke yake, na mzee akakubali kwa shingo upande. Msichana alijibu kwa utulivu. Ni kweli, siku ile alipangusa vumbi juu ya lile sanduku la chuma huko depo, ghala la nyumba, kwa sababu alidhani ni congélateur ya pili, friji ya kugandishia samaki. Alipitisha kitambaa juu ya vitufe. Hakuvisukuma, hakuvizungusha, wala hakufungua kifuniko.

"Nimesema, nimerudilia, nimechoka," alisema. "Mama Inspekta, mimi sikulia mbele yao. Mais lakini sanduku ile iko mbele ya mulango, na batu bote banapita banaiona."

Inspekta alimuuliza nani alimtaja kwanza. Akasema ni Apollinaire. Ndiye alisema kuna mtu amegusa mashine.

Apollinaire alikuwa depo, anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Alikuwa mwanaume mnene, mwenye uso wa huruma, na alipopokea kile kifurushi na salamu za dada yake Masika kutoka Butembo, viazi vikamponyoka, vikasambaa chini ya lori bovu. Inspekta hakumsaidia kuokota. Alifungua furu mwenyewe. Sakafu yake ilikuwa imepakwa udongo mweupe, mlaini, ule unaozuia kioo kisigande. Akaweka bilauri mbili juu ya kifuniko, moja imenyooka, moja imeinama, akanyamaza.

Apollinaire alivumilia kile kimya kwa muda, kisha akaanza kutoa yote. Salomon alijaribu bilauri za kwanza katika furu yake mwenyewe, zikatoka nyeusi na kupasuka. Ndipo alipokuja Beni na katoni nyingine aliyojichapishia kwa mfano uleule, usiku wa mzee kwenda Kasindi, akapiga magoti mbele ya shemeji yake.

"Mulamu akikuomba, utamukataa?" alisema Apollinaire. "Hapana kukataa mulamu. Nilizichoma. Zikatoka muzuri sana, mama, muzuri kabisa. Siku ya pili, mzee amekwisha kurudi, nikapanga zake, midomo juu, vilevile. Courant ya umeme ilikuwa kidogo, nikaacha mpaka asubuhi, nikabonyeza bila kufungua. Kisha kufungua…" Aliitazama ile bilauri iliyoinama. "Nilikuta zote zimesimama kwa kichwa. Zote. Zimelewa."

Sasa mambo yakakaa sawa. Kitako cha bilauri ni kizito na mdomo wake ni mwembamba. Ukiifudikiza katika moto ule, kioo kinapolainika kitako kinakalia kuta na kuta zinachoka, na Mathe anapata kidevu. Apollinaire angesema alichokikuta, wangemuuliza nani mwingine alitumia furu. Kwa hiyo alizigeuza, akazifunga katoni, akasema kuna mtu amegusa vitufe. Hakumtaja Yasmine kwa jina, alijitetea, alisema tu "mutu". Ila nyumbani siku ile mtu alikuwa mmoja.

Inspekta alikasirika, naye hakuficha. Alimwambia kwamba ameficha kosa lake nyuma ya mtoto wa kike asiye na wa kumtetea, na kwamba kama ana haya yoyote atayarudia maneno yale mbele ya tajiri wake sasa hivi. Apollinaire aliyarudia, analia, viazi viwili mkononi.

Papa Issaka alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukapanda na kushuka. Kwanza alifurahi. Furu yake ilikuwa nzima! Zile bilauri nzuri zilizomtia aibu mji mzima zilitoka katika furu yake mwenyewe! Alicheka, akamsukuma Apollinaire begani, akasema habari ya Salomon watazungumza siku nyingine. Kisha furaha ikakatika, maana mzee hakuwa mjinga. Kama furu ni nzuri, na bilauri zilipangwa midomo juu jioni, na asubuhi zilikutwa zimefudikizwa, basi mkono upo. Na katika nyumba ile, usiku ule, mke wake alikuwa Oicha na Apollinaire alilala kwake. Alibaki nani?

"Mimi siko mutu mubaya," alisema, na safari hii kwa huzuni. "Mais mumesikia wenyewe. Huu mukono ulizigeuza moja moja, kwa kusudi. Na mimi nimeapa."

Yasmine alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kwamba upelelezi umeisafisha furu na kumchafua yeye zaidi ya mwanzo, na kwa mara ya kwanza alijishika kwenye fremu ya mlango. Nje, msikitini, mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti. Alasiri ilikuwa inakaribia.

Inspekta akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Alisema haoni kosa katika hesabu ya mzee, ila kabla hajaandika anaomba jambo moja. Apollinaire apange ndani ya furu bilauri za Emérence zilizobaki depo bila kuchomwa, vilevile kama alivyozipanga jioni ile, afunge kifuniko. Halafu papa Issaka, kwa hisani yake, awaonyeshe anavyofunga nyumba yake kila jioni. Alitaka kujua tu mwizi angepitia wapi.

Hilo halikuwa la kumwomba papa Issaka mara mbili. Kufunga nyumba ilikuwa fahari yake. Alianzia sebuleni, Inspekta nyuma yake, Yasmine nyuma ya Inspekta, Apollinaire mwisho. Alifunga dirisha, akalijaribu. Alifunika mtungi wa maji, akasema bismillahi. Alifunika unga, akasema bismillahi. Alikuta kikombe karibu na mtungi kinatazama juu, akakifudikiza, akamweleza Inspekta kwamba marehemu mama yake alikuwa akikuta chombo wazi usiku anawaamsha watoto wote, maana chombo wazi kinaita mjusi, na mjusi ni mwanzo tu. Aliingia depo. Alivuta kufuli la mlango wa nyuma. Alifungua congélateur, akahesabu samaki kwa macho, akafunga. Alifungua na ile furu, kwa sababu ilikuwa kando yake na ina kifuniko.

"Nyumba ni mutu kuangalia mwenyewe," alikuwa anasema, huku mkono wake ukiingia ndani. "Ukiachia batoto, basi. Mimi hata nikichoka namna gani, nitapita kila pahali. Kila pahali." Aligeuza bilauri ya kwanza, akaifudikiza. Akageuza ya pili. "Ndiyo maana ninashangaa huu mutu alipita wapi. Bismillahi. Mimi ninaonaka kila kitu." Alimaliza mstari wa mbele, akaanza wa nyuma. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, vya mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Hakuvitazama hata kidogo.

Hakuna aliyekohoa. Apollinaire alikuwa ameziba mdomo kwa kiazi. Mzee alifika kwenye bilauri ya mwisho, akaishika, na labda ni kile kimya, au labda ni Mathe aliyemtazama kutoka kwenye kioo, lakini mkono ulisimama hewani. Aliiangalia. Aliangalia zilizokwisha kufudikizwa, zimepangika vizuri, midomo yote kwenye unga mweupe.

"Chombo hapana kuachwa wazi," alisema polepole.

"Ni kweli, papa," alijibu Inspekta. "Hata mimi mama alinipiga kwa ajili ya hiyo. Mais bilauri ikiingia kwenye furu, inasimama."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini hawakusema mtu afanye nini akishakikuta. Papa Issaka aliirudisha bilauri ya mwisho mahali pake, midomo juu. Alimtazama Yasmine, akafungua kinywa kuomba msamaha, na msamaha ulikuwa mzito kuliko madereva wote aliowahi kuwafokea. Alisema, "Mutoto yangu, nilikukosea." Yasmine akajibu, "Haina neno, papa," na ndipo machozi aliyoyabana siku zote zile yakamtoka, akayafuta na ukingo wa kitenge, hakuyaonea haya.

Inspekta akadhani mambo yameisha. Akatoka uani, akampigia simu Emérence, akamwambia achukue ya Beni, asifikiri mara mbili. Emérence akauliza ana hakika gani.

"Hata Salomon aliichagua," alisema Inspekta. "Yeye atakueleza mwenyewe. Kesho nitamuleta, na Mathe awepo, amuangalie machoni. Furu ikifika, kuna jambo moja tu. Papa Issaka akikuja kukusalimia, usimuache peke yake nayo."

Alipogeuka, alimwona mzee anatoka sebuleni na kiti chake, kile cha mikono, amekikumbatia kifuani. Apollinaire alikimbilia kumsaidia, akakataliwa. Yasmine alimfuata akimsihi, papa, hakuna mtu anayekudai, ni maneno tu yale. Mzee hakusimama. Alisema aliapa mbele ya majirani, na majirani wote walikuwa na masikio mazuri. Mkono ulioharibu bilauri zile haunywi chai chini ya paa lile. Aliweka kiti nje, hatua moja kupita mwisho wa bati, kwenye jua, kando ya lile sanduku jekundu ambalo hakuna aliyekumbuka kulirudisha ndani. Akaketi, akapanga kanzu yake, akangoja.

Yasmine alisimama kizingitini akimtazama mgongo. Kisha akaingia jikoni. Alirudi na sinia, kitambaa cheupe, bilauri moja. Aliifudua mbele yake, akamimina chai, akaweka sukari nyingi kama mzee alivyopenda, akampa kwa mikono miwili.

Ndivyo alivyomkuta baba yake Yasmine, aliyeshuka kwenye pikipiki muda huohuo, vumbi la kutoka Kirumba mpaka kwenye nyusi, moyo umejaa maneno makali aliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Alimwona binti yake mlangoni na sinia, ametulia. Alimwona mkwe wake nje juani, ana kiti, ana bilauri ya chai, na kando yake sanduku limefungwa kamba. Yale maneno yote yakamtoroka. Alivua kofia, akainama kwa huruma ya kweli.

"Mukwe yangu," alisema, "ni nani amekufukuza?"

Papa Issaka alikunywa kwanza. Alitazama ndani ya bilauri, akaona chai imeisha, mkono ukaanza kuigeuza, akauzuia.

"Mudomo yangu," alisema. "Ukae, mukwe. Huku inje chai iko tamu."